Lori la Mama Sidi na Maji ya Kisima

Vijana wangu wa gereji, mliponiaga mwezi uliopita mliniomba nizungumze mambo ya kazi mkinirekodi kwa simu. Nilikataa. Mimi nikizungumza hupotea njia: naanza na nyundo, naishia kwenye mashamba ya watu. Afadhali niandike. Mkiona mahali nimejisifu, pafuteni. Mkiona mahali nimejikosoa, paacheni, maana hapo ndipo penye faida yenu.

Vyeo sitavitaja, kwa sababu kwenye bodi za magari hakuna vyeo. Kuna anayejua pa kugonga na kuna asiyejua, basi.

Nilifika Kilifi mwaka wa themanini na moja nikitoka Kitui, kijana wa miaka ishirini na moja, na barua ya mjomba mfukoni. Wakati huo daraja lilikuwa halijajengwa. Magari yote ya Mombasa na Malindi yalivuka kwa feri, na gereji yetu ilikuwa juu kidogo ya kivuko, upande wa mjini, pale malori yalipopanga foleni yakingoja zamu. Mwenye gereji alikuwa amepachagua kwa akili. Dereva akikaa saa mbili juani akilitazama lori lake, lazima ataona tundu ambalo jana hakuliona.

Na matundu yalikuwepo, tena ya kutosha. Malori ya chumvi kutoka Gongoni yalikuja yakidondosha maji ya chumvi barabara nzima. Yasiyobeba chumvi yaliipata pale pale kwenye feri: bahari ikijaa, magurudumu yalikanyaga maji kwenye mteremko na kuyarusha juu, chini ya kebini. Kwetu Kitui gari lilikufa kwa mawe na makorongo. Hapa lililiwa likiwa limesimama tu, mwenyewe amelala.

Fundi aliyenipokea aliitwa Athman, mwenyeji wa Malindi, mtu mwembamba mwenye kofia iliyojaa madoa ya rangi za magari yote aliyowahi kuyatengeneza. Hakupenda maneno mengi, isipokuwa yakiwa yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Una masikio?"

"Ninayo."

"Hebu tuyaone."

Akanipa bisibisi kuukuu, akanipeleka kwenye lori la chumvi, akaniambia nigonge madigadi kwa mpini wake, kidogo kidogo, toka mbele hadi nyuma. Nikagonga. Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia bati. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Bati, ati! Sikiliza tena, kijana wa bara. Hapa panaitika. Hapa panakohoa. Penye kukohoa ndipo penye kazi."

Mwezi mzima sikushika kitu kingine ila bisibisi hiyo na burashi ya waya. Nilipiga chafya ya kutu, nikatema kutu, mto wangu wa kulalia ukawa mwekundu. Mwenye nyumba niliyopanga alidhani nina kifua kikuu, akanishauri niende hospitali. Lakini mwezi ulipokwisha niliweza kufumba macho na kuonyesha mahali bati limeoza, hata kama rangi ya juu ilikuwa inang'aa.

Hayo masikio ndiyo chombo cha kwanza. Vya pili ni nyundo na doli, kile kipande cha chuma kizito unachokishika upande wa pili wa bati ili nyundo ipate wa kujibizana naye. Doli la Athman lilikuwa kipande cha reli alichokisugua mwenyewe hadi kikakaa kiganjani. Mimi nililirithi, na mnajua liko wapi, kwa hiyo msiniulize tena.

Halafu kuna kanuni ya vidole vitatu. Ukishajua kutu inaishia wapi, chora kwa chaki, kisha ongeza vidole vitatu vya bati zima kila upande, ndipo ukate. Kila fundi mgeni huumia moyo akiambiwa akate bati zima. Mimi niliumia. Nilitoka nchi ya watu wasiotupa kitu, na kila nilipokata vile vidole vitatu niliona kama ninatupa chakula. Athman akaniambia, "Kutu ni mgeni mwenye adabu, Musyoka. Hatangulii kujionyesha. Ukimwona mlangoni, jua mizigo yake iko chumbani."

Viraka vyenyewe tulivikata kwenye boneti za magari yaliyokufa, kwa sababu bati la mapipa lilikuwa laini mno kwa kebini ya lori. Kiraka hakishonwi mfululizo kama nguo kwenye cherehani. Unatia nukta moja ya moto huku, nyingine kule, unangoja bati lipoe, unarudi. Ukiwa na haraka bati linakunja uso, na likikunja uso halibembelezeki. Pembeni lazima kuwe na gunia lililoloweshwa, kwa sababu ndani ya kebini kuukuu kuna makumbi ya viti, vitambaa na mafuta ya miaka ishirini, na moto wa gesi hauulizi.

Athman hakuichukia fila, ule ujiuji mzito wa kuzibia mashimo. Alisema fila ni poda ya uso, na hakuna ubaya bibi arusi kupaka poda. Ubaya ni kumpaka maiti. Tulikuwa na majirani wawili watatu waliojaza fila kwenye matundu makubwa ya kupitisha ngumi, wakipachika na magazeti ndani. Malori yao yalitoka yakimeta. Athman alikuwa akiyasindikiza kwa macho hadi kwenye feri na kusema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Baada ya miezi mitatu yalirudi kwetu, na sisi ndio tulioyatoa yale magazeti na kuyasoma.

Sasa nije kwenye lori la Mama Sidi, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na sikufundishwa kwa kubembelezwa.

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano, ule ambao mvua ilikataa kabisa na serikali ikaleta mahindi ya kutoka ng'ambo. Waliokula hayo mahindi wanayakumbuka hadi leo kwa harufu yake. Ganze kulikuwa kumekauka kupita kiasi. Mama Sidi alikuwa mjane wa huko, mama wa Kigiriama wa makamo, mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Marehemu mumewe alimwachia lori la pua ndefu, la kijani, lenye umri kunizidi mimi wakati huo. Kwa lori hilo alichota maji Kilifi kwa mapipa na kuyapeleka shule ya msingi na zahanati ya kwao. Dereva wake alikuwa mpwa wake, Charo, kijana mpole aliyeendesha huku ameweka ubao chini ya miguu.

Nikamuuliza Charo ubao wa nini. Akauinua. Niliona barabara.

"Mama," nikamwambia, "hili lori halina sakafu."

"Ndiyo maana nimelileta kwako, mwanangu. Lingekuwa nayo ningekuja kufanya nini?"

Kisha akatueleza mambo yalivyo, mimi na Fundi Athman, na aliyaeleza waziwazi. Lori lilitakiwa kupita ukaguzi Mombasa. Lisipopita, kamati ya shule haitaruhusiwa kulitumia, na lori jingine la kupeleka maji Ganze kila mara kwa njia ile mbovu halikuwepo. Tena kulikuwa na shemeji yake, Katana, aliyekuwa akisema tangu matangani kwamba lori ni la ukoo. Huyo alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa chuma chakavu. Likikataliwa tu Mombasa, watakuja na gesi wakalikate vipande pale pale uani kwa Mama Sidi.

"Likikatwa," akasema, "watoto hawatakuwa na maji, na mimi sitakuwa na neno nyumbani kwangu."

Athman aligonga kebini nzima kwa mpini wa bisibisi. Halafu akachukua chaki. Alipomaliza kuchora, lori lilikuwa na michoro kama ukuta wa darasa la watoto wadogo. Sakafu yote ya mbele. Vidato viwili vya kupandia. Chini ya milango, pale maji yanapoingia kwa kioo na kukosa pa kutokea kwa sababu matundu ya kutolea maji yamezibwa na matope. Madigadi. Na mbaya kuliko zote, mahali kebini inapokalia chesi, ule uti wa mgongo wa lori, upande wa kushoto, ambapo mabati mawili yamebebana na kutu imejificha katikati.

Lori lilipakuliwa mapipa, likaingia gereji. Tulikata, tulishona, tuligonga siku tisa. Ile sehemu ya kukalia chesi Athman aliishona mwenyewe, amelala chali, cheche zikimwangukia kifuani, na mimi nimeshika gunia bichi. Alipotoka chini alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijapata kumwona akitabasamu kazini.

Siku ya kumi ikaja habari kwamba mama yake anaumwa sana Malindi. Akavua aproni. "Kazi ya moto imekwisha," akaniambia. "Imebaki kulainisha, kupaka rangi ya chini na kupuliza ya juu. Utaiweza?"

"Nitaiweza, Fundi."

"Haya. Msasa wa maji, taratibu. Usiku wa leo nitakuwa Malindi." Akaenda kutafuta usafiri.

Hapa ndipo pa aibu yangu, basi someni vizuri. Kulainisha bati kwa msasa wa maji kunahitaji maji. Gereji ilikuwa na kisima nje ya lango, cha maji ya chumvi chumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu. Na pembeni ya banda, chini ya mfereji wa paa, palikuwa na pipa la maji ya mvua, limepakwa lami ndani, lina kifuniko cha mbao na kata ya kifuu juu yake. Kila adhuhuri nilimwona Fundi Athman akitawadha kwa maji ya pipa lile kabla ya kuswali. Mimi ni Mkristo wa Kitui. Nilifundishwa kuheshimu ibada ya mtu. Basi nilijiamulia tangu wiki ya kwanza kwamba pipa lile ni la udhu, na kwa miaka yote ile sikulitia mkono. Hata kata yake sikuishika. Hakuna aliyenikataza, wala sikuuliza. Msasa wa mwisho siku zote aliufanya Athman, na mimi wakati huo huwa niko gari jingine nikikwangua.

Maji ya mfereji wa mjini yalikuwa yakitoka alfajiri tu, na tuliyakinga ya kunywa. Mtoto wa Kitui hamwagi maji ya kunywa juu ya chuma. Nikachota kisimani. Nilichota ndoo kumi, nikalisugua lori hadi likawa laini kama kikombe, nikaliosha, nikalianika, nikapaka rangi ya chini, nikapuliza kijani. Lo! Lilipendeza. Mama Sidi alipokuja kulichukua alizunguka mara mbili, akapiga kigelegele hapo hapo gereji, madereva wa feri wakageuka kutazama. Na mimi nilifurahi. Nilijiona fundi.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, lori likarudi. Ukaguzi ulikuwa Alhamisi. Charo na Mama Sidi walikuwa wamelileta tuangalie taa tu, likiwa na mapipa manane ya maji waliyoyajaza alfajiri. Fundi Athman naye alikuwa amerudi juzi yake, mama yake amepata nafuu. Alisogea kulitazama, akasimama. Akapitisha kiganja mlangoni. Nami nikaona alichokiona: malengelenge. Madogo, mengi, chini ya milango, kwenye madigadi, kwenye vidato, kila mahali tulipotia bati jipya. Akapasua moja kwa ukucha. Ndani kulikuwa kwekundu.

"Musyoka. Ulisugua kwa maji gani?"

"Ya kisima, Fundi."

"Ya kisima! Na pipa lile pale lilikuwa na nini, uji?"

"Lile si la udhu?"

Akaligeukia pipa. "Nani alikuambia ni la udhu?"

"Nakuona ukitawadha."

"Ebo! Natawadha kwa sababu ni safi na liko karibu! Na mwavuli wangu nikiutundika pale utasema banda ni msikiti? Lile ni pipa la msasa, bwana wewe! Nimeliweka kabla hujazaliwa... hujafika hapa! Umesugua chumvi ndani ya bati, ukaifunika kwa rangi, ikakaa humo inakula." Halafu akashusha pumzi, akaketi juu ya tairi. "Astaghfirullah. Miaka minne. Na mimi sikukuambia. Nilidhani umeona."

Mwenye gereji alikuwa amesikia, akaja. Yeye alikuwa na dawa ya haraka: pasueni malengelenge, pakeni fila nyembamba, pulizeni kijani juu. Alhamisi litang'aa, mkaguzi atalipitisha, na mwenyewe hajui kitu. Kusema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Mama Sidi alikuwa ameketi langoni juu ya pipa, akimwambia Charo, "Ni uzee tu, mwanangu. Hata mimi ngozi yangu si ile." Alikuwa ameshanitafutia udhuru bila kuombwa. Ningeweza kunyamaza, na hadi leo hakuna ambaye angejua.

Nikamtazama Athman. Akasema, "Kazi ni yako. Kaseme wewe."

Nikatoka kwenye lori, nikaenda hadi langoni. "Mama," nikasema, "si uzee wa lori. Ni mimi. Nililisugua kwa maji ya kisima."

"Kisima hicho hapo nje?"

"Hicho."

"Mwanangu, kisima kama hicho hatufulii hata leso, zinachanika. Wewe ukaoshea chuma?" Sauti yake ile kubwa ilikuwa imepungua, na hilo ndilo lililonichoma. Ingekuwa heri angepiga kelele. "Katana ameshawaita watu wa chuma. Wanakuja Ijumaa. Wajua hilo?"

"Najua."

"Sasa wataka nini?"

"Nilivue rangi kila mahali penye bati jipya, nianze upya. Tukipaka juu litapita Alhamisi, lakini kabla ya mwaka kuisha litakuwa na matundu tena."

"Na ukilivua, Alhamisi litakuwa limevaa?"

"Litakuwa zima. Kuvaa, sikuahidi."

Mwenye gereji alikuwa nyuma yangu akiguna. Mama Sidi akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akajifunga leso vizuri kiunoni. "Vua," akasema.

Tukalikwangua hadi bati likawa jeupe. Mishono ya Athman ilikuwa mizima yote, hata ule wa kwenye chesi. Chumvi ilikuwa juu juu tu, haijashuka. Lakini sasa tulihitaji maji matamu ya kuitoa, na pipa la mvua lilikuwa na vidole viwili vya maji chini, na viluwiluwi vya mbu. Kungoja maji ya mfereji hadi alfajiri hakukuwezekana, kwa kuwa bati tupu likilala katika hewa ile huamka jekundu. Nikakimbia kumwita muuza maji wa mkokoteni. Athman akaonja, akatema. "Kisima hiki." Muuza maji akaapa kwa mama yake. "Mama yako nampa pole," Athman akamwambia.

Mama Sidi alikuwa akitazama yote haya. Akamwita Charo, akapanda mwenyewe nyuma ya lori, akafungua pipa la mwisho, akashusha madebe mawili yaliyojaa.

"Mama, hapana," nikasema. "Haya ni ya kunywa."

"Najua ni ya nini. Chukua."

Athman alinong'ona, "Chukua, na likidondoka tone nitakukata sikio." Mapipa yote tukayashusha, tukapata lori la mchanga lililokuwa linarudi Ganze tupu siku ile, likayapeleka kwao.

Nawaona ninyi siku hizi na mpira wa maji, mnaoga ninyi na gari pamoja. Sisi tulilisafisha lori lile kwa madebe mawili. Hatukumwaga. Tulilowesha kitambaa, tukapangusa, tukakamua pembeni, tukalowesha kingine, tukapangusa tena, hadi kitambaa kikatoka safi. Maji ya msasa tuliyaweka kwenye kopo, tukachovya vidole. Kisha Athman akapitisha jiko la makaa chini ya sakafu na kando ya milango, polepole, bati likapata joto la kuondoa unyevu hata kwenye mikunjo, na hapo hapo tukapaka rangi nyekundu ya chini kabla jua halijatua. Siku mbili zilizofuata tulirudia rangi ya chini na kuiacha ikauke kama inavyotaka yenyewe. Kijani hakikupata nafasi.

Alhamisi tulivuka na feri, Mama Sidi, Charo na mimi. Lori lilikuwa kijani juu na jekundu chini, baya kupita lilivyokuwa kabla hatujaligusa. Uani pa ukaguzi yalikuwepo malori mengi yanayometa. Mkaguzi, mtu wa makamo mwenye nyundo ndogo, alisimama mbele yetu akacheka.

"Mama, mbona umeniletea gari halijavaa?"

"Nimekuita ulikague," Mama Sidi akamjibu. "Sikukualika harusini."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na mkaguzi naye. Lakini aliingia chini na tochi, akakaa huko muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Nilisikia nyundo yake. Sakafu ikaitika. Vidato vikaitika. Upande wa kushoto, pale kwenye chesi, akagonga mara tatu, na mara zote tatu paliitika. Nilijikuta nimeshika mkono wa Charo. Mkaguzi akatoka, akajipangusa magoti, akasema, "Rangi mmalizie ndani ya mwezi. Lori zima." Akatia sahihi. Mama Sidi hakupiga kigelegele safari hii. Aliketi kwenye kidato kipya, akajifunika uso kwa leso, akalia kidogo, akanyamaza, akasema twendeni.

Ijumaa alfajiri wakajaza mapipa. Fundi Athman akaniamuru niende nao Ganze. "Nenda ukaone lori lako linafanya kazi gani. Fundi asiyejua gari linabeba nini ni kinyozi tu."

Watu wa chuma chakavu walikuwa wameshafika uani kwa Mama Sidi, wanne, na mitungi yao ya gesi, wameketi kivulini pamoja na Katana. Mama Sidi alimwonyesha shemeji yake ile karatasi akiwa ndani ya gari, akamwamkia kwa heshima zote, akamwambia Charo asizime injini. Tukapita hadi shuleni. Watoto walikuwa wamejipanga na makopo. Mapipa matano yakaingia tangi la shule, mawili zahanati. Likabaki moja. Charo akalirudisha lori hadi nyumbani kwa Mama Sidi. Watu wa chuma walikuwa wameshaondoka, na binti yake na wajukuu wanne walikuwa wanangoja na vyombo.

"Hili ni la kwako, Mama?"

"La kwangu. Safari nane za shule, moja ya nyumbani... hapana, nakosea hesabu, mimi. Mapipa saba ya watu, moja la kwetu. Ndivyo tulivyopatana na kamati."

Pipa la mwisho. Nikakumbuka alikoyatoa yale madebe.

"Basi Jumatatu... yale uliyonipa yalitoka humu?"

"Ulidhani nitakupa ya watoto wa shule?"

"Na nyumbani mlikunywa nini?"

"Pipa letu halikujaa tu, lakini lilifika. Siku mbili za mwisho tulikunywa ya dimbwi, pamoja na ng'ombe wa watu. Hatukufa." Alisema hivyo akifungua kifuniko, bila kunilaumu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mjukuu mwingine, msichana mdogo, alikuwa amelala mkekani mlangoni, tumbo linamuuma tangu jana, binti wa Mama Sidi akaniambia.

Mimi najua maji ya dimbwi. Nimekunywa Kitui nikiwa na umri wa msichana yule.  Nilijaza debe la kwanza, nikakunja shati langu likawa kata, nikajitwisha kichwani, nikaanza kwenda jikoni. Wajukuu wakacheka. Charo akageuza uso kwa haya, maana kwao mwanamume hajitwiki maji.

Mama Sidi akanifuata nyuma. "Kumbe wanaume wa Ukambani hubeba maji?"

"Hawabebi, Mama," nikamwambia. "Leo nabeba mimi."